Vile Viwili, Wale Wawili

Simu ya kliniki ilimkuta Maloba kwenye zizi la mjane mmoja kule Molo ya Tororo, mkono wake wa kushoto umezama ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko. Ililia mara tatu mfukoni na hakuweza kuipokea. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, na mtu akishafika hapo alipokuwa yeye hawezi kusema ngoja kidogo. Alimaliza, akavua glavu ndefu, akanawa kwa ndoo aliyoletewa, akarudisha mtungi wake kwenye pikipiki na kuufunga kwa mpira. Ndipo akaipiga namba ile.

Aliyepokea alikuwa muuguzi aitwaye Barbara, wa ile kliniki ya Kampala iliyomsaidia yeye na mkewe kupata mtoto. Barbara alimsalimia vizuri, akauliza hali ya mtoto huyo, Phiona, kisha akamweleza kwamba miaka mitano imetimia. Viinitete vyao viwili vilivyobaki, yale mayai yaliyokwisha kurutubishwa, bado vimehifadhiwa kwenye baridi, lakini karatasi waliyotia sahihi imekwisha muda wake. Mume na mke wanatakiwa waje waseme wanataka nini: viendelee kuhifadhiwa, wapewe watu wengine waliokosa mtoto, waachiwe mafundi wa maabara wajifunzie, au viyeyushwe, iwe basi. Walikuwa na miezi mitatu. Maloba akamshukuru kama mtu aliyeambiwa viatu vyake viko tayari kwa fundi, akakata simu. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, karibu na pikipiki. Mjane akadhani ni njaa, akamletea muhogo.

Mtungi ule wa kwenye pikipiki alikuwa ameubeba zaidi ya miaka kumi, vijiji vyote vya Tororo na Busia. Ndani yake mna naitrojeni ya maji, baridi inayotoa moshi ukifungua kifuniko, na katika baridi hiyo mna mirija myembamba yenye mbegu za madume ambao hakuna mkulima wa huku aliyewahi kuwaona. Alijua kinachotokea maji yale yakikauka. Kila kitu ndani hufa kimya, bila harufu, na mtu hajui mpaka msimu upite. Siku ile alirudi nyumbani polepole, akikwepa mashimo ambayo siku nyingine asingeyajali.

Mkewe, Leonida, alikuwa na mashine mbili za kufuma sweta za shule upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani. Ni Msamia kama yeye, ila kwao ni Funyula, Kenya, na kwa Maloba ni Bulumbi, Uganda, kwa hiyo tangu waoane amekuwa akivuka kila asubuhi kwenda kazini na kila jioni kurudi Busia ya Uganda, mpaka askari wa pande zote wanamwita kwa jina. Maloba alimkuta anamalizia kola ya sweta. Alimweleza aliyoambiwa. Leonida akasimamisha mashine.

Hakuwa amevisahau, alisema, ila alikuwa ameacha kuvifikiria. Mfuko wake wa uzazi ulitolewa siku aliyojifungua Phiona, damu ilipokataa kusimama, na tangu hapo hakuona sababu ya kuhesabu kitu asichoweza kukibeba.

“Basi viyeyushwe,” alisema. “Viende kwa amani. Sisi tumeshapewa wetu.”

Maloba akamwangalia kana kwamba amesema jambo hilo kwa lugha ya watu wengine.

Ili mtu aelewe jicho lile, inabidi ajue walikotoka. Mwaka wa pili wa ndoa Leonida alijifungua mtoto wa kiume wa miezi minane, akiwa amekwisha kufa tumboni. Walimpa jina John Paul, wakamzika Bulumbi. Baada yake miaka ikapita bila kitu, dawa hizi na maombi yale, hadi wakafika Kampala. Daktari alipata viinitete vitatu. Wiki ile Leonida akashikwa na malaria kali, hivyo vyote vitatu vikagandishwa kwanza kusubiri apone. Baada ya miezi miwili kimoja kikayeyushwa na kuwekwa tumboni mwake, na huyo ndiye Phiona, ambaye sasa ana miaka minne na hawezi kupita kwenye dimbwi bila kuliingia.

Tangu siku ya ile simu, mtu angejua nani anaongea hata akiwa nje ya mlango. Leonida alisema vile viwili. Maloba alisema wale wawili. Na Maloba si mtu wa kupanga maneno; Kiswahili chake ni cha sokoni upande wa Uganda, husema ng'ombe ile na daktari ile bila kuona aibu. Lakini hapo hakuteleza hata mara moja.

Hawakugombana kwa kelele. Si watu wa hivyo. Maloba akiudhika huosha vyombo, tena kwa bidii, na majuma yale sufuria za nyumba ile ziling'aa. Leonida naye alimpakulia mchuzi wa karanga kama kawaida, akamkanda ule mkono wa kushoto unaomuuma kila siku ya kazi nyingi, na huku akimkanda anaendelea kumpinga.

“Mimi nilimshika John Paul,” alimwambia siku moja. “Alikuwa na kucha. Nilimvalisha sweta niliyomfumia, ikampwaya. Nikakaa siku nne maziwa yanatoka na hakuna wa kunyonya. Ukiniambia vile viwili ni sawa na yeye, hujavikuza. Umempunguza yeye.”

Maloba aliutazama mkono wake uliokuwa ukikandwa. John Paul alikuwa wake pia. Alikumbuka uzito wa lile sanduku dogo, kwamba hakukuwa na uzito.

“Phiona naye alikuwa humo,” alisema mwishowe. “Wote watatu, siku moja, mtungi mmoja. Daktari alichukua mmoja tu. Hakumchagua kwa sababu ni Phiona. Angechukua wa pembeni, leo tungekuwa tunakaa hapa tunasema Phiona ayeyushwe, iwe basi.”

Leonida aliinuka. Alienda kumtazama mtoto aliyekuwa amelala mchana ule wa joto, mdomo wazi, mguu mmoja umetoka kitandani, akarudi akaendelea kumkanda mumewe. Lakini hakubadili mawazo. Alikuja kusema baadaye kwamba mambo yote mawili yalikuwa kweli kichwani mwake kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo iliyomchosha.

Maloba akaenda kwa Padri Bartholomew wa parokia yao. Alikwenda akiwa amejiandaa kukemewa, maana alijua Kanisa halipendi watoto kutengenezwa nje ya tumbo. Padri hakumkemea. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwamba Kanisa linafundisha uhai wa mtu huheshimiwa tangu mwanzo kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo linaona vibaya kuwaanzisha watoto kwenye chupa na kuwaweka akiba. Maloba akasema hayo anayajua. Anachouliza ni afanye nini sasa, maana wameshakuwepo. Padri akasema kwamba aliwahi kuwauliza walimu wake wa seminari swali hilo hilo, na kila mlango waliomwonyesha ulikuwa na kasoro yake.

“Sitakudanganya, mwanangu,” alisema. “Sina jibu. Ninachoweza ni kuja kukaa nanyi.”

Maloba alirudi amenuna. Alitaka kuambiwa. Leonida alipopata habari hiyo alicheka kidogo, akasema leo amemheshimu yule padri kwa mara ya kwanza tangu alipoihamisha kwaya kwenye viti vya nyuma.

Yeye ndiye aliyesema waende kwa mama. Anjeline, mama yake Maloba, hakuwahi kuelezwa Phiona alipatikanaje. Walimwambia tu kwamba walitibiwa. Maloba hakutaka. Aliogopa mama yake, mwanachama wa kikundi cha Rozari kwa miaka arobaini, asije akamtazama mjukuu wake kwa jicho jingine. Leonida akamwambia kwamba mwanamke aliyemshika mtoto yule kabla hata ya yeye mwenyewe kuzinduka hospitalini hastahili kufichwa.

Walikwenda Jumapili baada ya misa. Leonida alipiga magoti kumsalimia mkwewe kama ilivyo desturi, akasaidia kubangua karanga, na Phiona alipokimbia kufukuza bata ndipo wakaanza kueleza, huyu akisema hiki na yule akiongeza kile. Anjeline aliendelea kubangua. Walipofika kwenye kugandishwa, akauliza kama wanataka kusema kwamba Phiona alianza kama barafu. Maloba akasema ndiyo, tuseme hivyo. Bibi akamtazama mtoto kule kwenye bata, akacheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha kicheko kikakatika, akauliza kwa sauti ya chini kwa nini walimficha. Waliona atamkataa? Leonida akamshika mkono.

“Na hao wawili,” aliuliza Anjeline baada ya muda, “wanasikia baridi?”

“Hapana, mama,” alisema Maloba. “Bado hawana cha kusikilia.”

Jibu hilo halikumtosha. Alivuta leso akajifunika mabega, na jua lilikuwa kali.

Ndipo akawasimulia jambo ambalo Maloba hakuwahi kulisikia. Kati ya Loy, dada yake Maloba, na Maloba mwenyewe kulikuwa na mimba iliyotoka ikiwa na miezi mitatu. Mama mkwe wa Anjeline aliizika nyuma ya jiko, ndani ya kipande cha chungu, bila kilio wala wageni, na jioni ile ile Anjeline alichota maji kama siku nyingine.

“Nikiulizwa nimezaa wangapi, nasema saba,” alisema. “Yule simhesabu. Wala sijawahi kuota ndoto yake. Lakini pale sijapanda kitu mpaka leo. Baba yenu alitaka kuweka sukuma wiki, nikamkatalia. Aliniuliza kwa nini, sikuwa na la kumwambia.”

Wakasubiri aendelee, awaambie basi fanyeni hivi. Hakuendelea. Maloba alipomuuliza yeye angefanyaje, alisema wao ndio waliosoma, na yeye wamwachie Phiona wiki moja amlishe, maana amekonda. Phiona hakuwa amekonda hata kidogo. Walimwacha.

Walipokuwa wakiondoka Leonida alipita nyuma ya jiko. Pale palikuwa na kipande cha ardhi kilichoota nyasi tu, katikati ya mboga zilizostawi. Alikuwa amekiona kwa miaka kumi na minne na siku zote alidhani ni uvivu.

Juma lile, nyumba ikiwa kimya bila mtoto, mvua iliwafungia ndani alasiri moja. Maloba alikuwa amefikia uamuzi, akausema akiwa amenyoosha mkono kwenye paja la mkewe akikandwa. Waendelee kuhifadhiwa. Hataki wayeyushwe, hataki mafundi wawajaribie.

“Mpaka lini?” aliuliza Leonida.

Hakujua.

“Tutazeeka. Tutakufa. Phiona ndiye aje apigiwe simu na Kampala, aulizwe anataka kuvifanya nini?”

Maloba akasema basi hakuna njia. Leonida akamkumbusha kwamba kuna moja ambayo hajaigusa tangu mwanzo. Wapo watu waliokaa kwenye viti vile vya kliniki kama wao walivyokaa, na wengine hawana hata kimoja cha kugandisha.

Hapo ndipo Maloba alipotoa kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa ameiona njia hiyo tangu siku ya kwanza, pale kwenye nyasi. Alikuwa anaiogopa. Kila akifikiria, alijiona yuko Malaba au Tororo mjini, kijana anampita na masikio kama yake, anamsalimia shikamoo mzee kama anavyomsalimia mtu yeyote, na anaenda zake. Alisema hawezi kuwa na mtoto duniani asijue amekula nini.

Leonida aliacha kukanda.

“Baba Phiona, nisikilize. Mimi kwangu bado si watoto, nimekwambia. Wewe ndiye unayesema ni watoto. Sasa kama ni watoto, unawaachaje kwenye baridi kwa sababu unaogopa kukutana nao njiani?”

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu na pengine ndiyo sababu Maloba alithubutu kulia. Leonida alimwacha alie. Alipotulia, Maloba naye akamuuliza: kama kweli haoni watoto pale, mbona asing'ang'anie wayeyushwe, yaishe?

“Kwa sababu kila siku unafungua ule mtungi,” alisema Leonida. “Mungu akipenda nitaishi na wewe miaka thelathini tena. Sitaki kila ukifungua uwe unatazama kaburi. Na kuna mwanamke mahali, simjui, anayerudi nyumbani kila mwezi na habari ile ile. Huyo simjui jina lakini namjua.”

Wiki mbili baadaye walikwenda Kampala, wamekubaliana wapewe watu waliokosa mtoto. Karatasi zilikuwa nyingi na Barbara aliwasomea moja moja. Waliulizwa kama wangependa kuarifiwa matokeo, wakakubali. Waliulizwa kama majina yao yanaweza kutunzwa, ili mtoto, akizaliwa na akikua, aweze kuuliza akitaka. Maloba alitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, ikabidi waletewe nyingine.

Kabla ya kuondoka aliomba aonyeshwe mtungi. Haikuwa kawaida, lakini alieleza kazi yake, na mkuu wa maabara akafurahi kukutana na mtu wa naitrojeni. Ulikuwa mkubwa kuliko wake, umefika kiunoni. Wawili hao waliongea kidogo kuhusu maji yanavyopungua na mara ngapi huongezwa. Halafu Maloba akaweka kiganja juu ya chuma. Kwa nje hakukuwa na baridi yoyote. Leonida, aliyesema hataingia, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Baada ya muda akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega.

Miezi ikapita, kazi na shule na sweta za muhula mpya. Barbara alipiga Jumamosi moja mchana, na Maloba akaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie. Barbara alisema ana habari mbili. Kimoja hakikuvumilia kuyeyushwa. Hutokea, si kosa la mtu. Cha pili kiliwekwa, kikashika. Sasa ni wiki ya kumi na moyo unaonekana ukipiga.

Maloba alisimama, akatoka uani. Leonida akabaki na simu.

“Huyo mama anakula?” aliuliza.

Barbara akasema hawezi kueleza chochote kumhusu, ndivyo walivyokubaliana.

“Najua. Mwambie tu asibebe maji. Miezi hii asibebe maji hata kidogo.” Kisha akajirudi. “Usimwambie. Nimesema tu.”

Alimkuta mumewe ameegemea pikipiki. Alikuwa anamlilia yule ambaye hakuvumilia kuyeyushwa, na hakumficha. Alisema angependa kumpa jina. Leonida hakumpinga, alimwambia ampe, na akilipata amwambie ili wawe wanamtaja kwenye sala. Maloba alitafuta siku mbili. Alijaribu la babu yake, akajaribu Erastus, akajaribu mengine, na hakuna lililokaa. Alimwambia mkewe kwamba ameshindwa, na kwamba kushindwa huko kumemuuma kuliko alivyotarajia, maana yeye ndiye aliyekuwa akisema ni watoto. Leonida alimwambia basi watamtaja bila jina. Wakafanya hivyo jioni ile, na nyingi zilizofuata, Leonida akiitikia amina kwa sauti ile ile aliyoitikia ya John Paul.

Ujumbe wa mwisho ulikuja miezi saba baadaye, mfupi. Mtoto amezaliwa salama, kilo tatu na robo, mama yake mzima. Hakukuwa na neno kama ni wa kiume au wa kike, wala ni wapi. Leonida aliusoma kwa sauti mezani, wakati wa chakula cha mchana. Maloba akamwomba ausome tena. Alipomaliza mara ya pili, Maloba alikuwa ameweka kijiko chini na amemshika mkewe kifundo cha mkono, kama mtu anayehesabu mapigo.

Phiona alitaka kujua ni nani aliyezaliwa.

“Mtoto wa watu,” alisema Leonida.

“Tunawajua?”

Leonida alimtazama mumewe kabla ya kumjibu mtoto.

“Kidogo,” akasema, akamwongezea wali.